Mshika Kamba wa Ziwa Harju

Kwa miaka arobaini na tisa Arlys Salmela alipanda boti ya mumewe karibu kila siku ya kiangazi, na hakuwahi kushika usukani. Kazi yake ilikuwa kamba. Boti ikikaribia gati langu, yeye ndiye aliyesimama mbele, akairusha kamba nayo ikaenda kujivika kwenye kigingi bila kubembelezwa. Mimi ni Verna, nauza mafuta ya boti hapa Ziwa Harju, kaskazini mwa Minnesota, Marekani. Nimeona wake wengi wakirusha kamba. Wengine wamejirusha wenyewe. Hakuna aliyemfikia Arlys. Na kila kamba iliponasa, mumewe Waino alizima injini, akaniambia, "Umeona nilivyoiegesha?"

Kwetu ndivyo ilivyo: mume usukani, mke kamba, na makosa yote ni ya mwenye kamba. Simama Jumamosi asubuhi kwenye mteremko wa kushushia boti, utasikia siri za ndoa za ziwa zima zikisomwa kwa sauti. Mchungaji wetu hajui hata nusu ya ninayoyajua mimi.

Waino ana miaka sabini na sita, na mishipa ya moyo wake imewekewa vyuma viwili hospitalini. Anaendesha boti tangu akiwa na miaka sita, na hilo atakwambia hata kama umemuuliza saa tu. Asichokwambia, nitakwambia mimi, ni kwamba jabali lililo mbele ya kisiwa chake amelipanda mara tatu, na halijawahi kuhama. Tena kuna habari ya kizibo. Sheria yetu inataka boti ikiwa barabarani kizibo cha tundu la chini kiwe kimeng'olewa, ili uchafu wa ziwa moja usihamie jingine. Ukifika majini unakirudisha. Mwaka juzi Waino alifika majini, akashusha boti, akaegesha gari, akasimama kupiga soga na watu kuhusu wageni wa mjini wasiojua boti. Kizibo kilikuwa mfukoni mwake. Aliposhtuka, kilichokuwa kinaonekana juu ya maji ni usukani na kichwa cha injini.

"Serikali imenizamishia boti," alisema, na mpaka leo hivyo ndivyo anavyoeleza.

Sasa, nyumba yao iko kisiwani. Hakuna daraja wala kivuko. Unga, barua, daktari, kanisa, vyote vinataka boti. Arlys aliolewa akapelekwa pale, akapanda viazi, akalea mtoto mmoja, Dale, na kila Jumamosi jioni huwasha moto wa sauna, kibanda cha kuogea mvuke alichokijenga baba mkwe wake, huoga kisha hushuka ziwani mvuke ukimtoka mabegani. Aliniambia mara moja tu, tena bila kuulizwa, kwamba anataka kufia pale. Hakuitamka kwa huzuni. Aliitamka kama mtu anayeagiza lita ishirini.

Lakini Dale anaishi mjini Duluth, na Dale ni mwana mwema. Tangu baba yake alipowekewa vile vyuma, amekuwa akija na kijitabu chenye picha za wazee wanaocheka mbele ya bakuli la supu. Nyumba za wazee, vyumba viwili, lifti, muuguzi chini.

"Mama," alimwambia hapa hapa gatini kwangu, "baba akianguka kule kisiwani utafanyaje? Utamwita nani? Hujui hata kuwasha boti."

"Nitajifunza."

"Umri huu?"

"Dale, nina miaka sabini na miwili. Sijafa."

"Siku baba asipoweza kuendesha, mnahamia mjini. Sibishani na wewe, mama. Ndivyo itakavyokuwa."

Basi jioni ile ile Arlys akamwomba mumewe amfundishe. Waino akakubali kwa roho safi. Somo lilichukua dakika mbili. Dakika ya kwanza alimweleza jinsi babake alivyomfundisha yeye, ya pili akapiga kelele, "Siyo hivyo, mwanamke! Lete hapa!" akaunyakua usukani. Kisha akamtuliza: "Ya nini kujisumbua? Si mimi nipo?"

Hilo ndilo jambo lenyewe. Alikuwepo, na hakuwa na mpango mwingine wowote.

Wakati huo serikali ya jimbo ilikuwa imeleta sheria ya kadi. Anayetaka kuendesha boti ya injini sharti asome darasa la usalama, afanye mtihani, apewe kadi. Vijana wanaanza, wengine watafuata kidogo kidogo, na wazee wamesamehewa kabisa. Busara ilioje! Yaani yule mwenye miaka kumi na minane, ambaye macho yake yanaona na magoti yake yanakunjika, huyo ndiye wa kuogopwa. Mwenye kizibo mfukoni apite. Mimi ndiye mwalimu wa darasa hilo hapa kwetu, kwa kujitolea, katika chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, kwa hiyo msinitegemee niwe mpole.

Waino, aliyesamehewa, ndiye aliyekasirika kuliko wote. Alichapisha karatasi, akazibandika hadi kwenye pampu yangu ya mafuta. *Ziwa halisomewi.* Alisimama pale kikombe cha kahawa mkononi, akimhubiria kila mteja.

"Mimi nimesomeshwa na maji," alisema. "Leo Verna anataka kunifundisha kwa picha za katuni."

"Jabali umelipanda mara tatu, Waino."

"Mara mbili. Ya tatu lilinipanda."

Mwezi wa nne, barafu ilipoyeyuka tu, nilifungua darasa la Jumamosi mbili. Watoto kumi na mmoja wenye simu, na nyuma yao, mkoba magotini, Arlys Salmela.

"Shoga, umepotea," nikamwambia. "Washona mablanketi ya viraka wako chumba cha pili."

"Najua walipo. Nimemwambia Waino niko nao. Fundisha."

Nilikaribia kucheka mbele ya watoto. Maana aliyemleta ni nani? Waino mwenyewe! Alimvusha kwa boti Jumamosi ya kwanza, akamvusha ya pili, akamsubiri gatini kwangu saa nne nzima akinywa kahawa yangu na kuwaambia watu kwamba madarasa ni ya wavivu. Wakati wa kuondoka Arlys alinunua kiraka kimoja kilichoshonwa tayari kutoka kwa washonaji, akaenda kumwonyesha mumewe. Waino alikitazama, akasema mkono wake umekuwa mzuri sana.

Alisoma huyu mama! Aliuliza maswali hadi watoto wakaanza kumwonea kijicho. Katikati ya wiki, Waino alipokwenda kwa daktari na rafiki yake, nilimpitia kwa boti yangu nikampa usukani. Robo saa ya kwanza boti ilikwenda kama nyoka. Baada ya hapo mikono yake ikawa ya mtu aliyekaa kwenye boti miaka arobaini na tisa akiangalia kila kosa likifanywa. Upepo aliujua. Majabali aliyajua. Mtihani ulikuwa na maswali sitini, akapata hamsini na nane. Kadi ilipokuja, aliitia ndani ya mkoba, chini ya dawa za mumewe.

"Mwonyeshe Dale," nikamwambia. "Leo hii. Atanyamaza."

"Akijua Dale, Waino atajua. Akijua Waino, ziwa lote litamcheka."

"Na wacheke!"

"Verna, wewe hukai naye kisiwani. Nataka aniachie usukani mwenyewe, kwa hiari yake."

Nilimwambia atangoja hadi samaki waote manyoya. Nilimpenda na nilimkasirikia kwa wakati mmoja, na sijui hata leo lipi lilizidi.

Ikafika Juni. Nilivyosimuliwa na Arlys ni hivi. Walikuwa wanarudi nyumbani na vyakula, maji yametulia. Boti ya Waino, kama boti nyingi, ina kamba fupi nyekundu ya kuzimia injini. Upande mmoja umechomekwa kwenye injini, upande wa pili dereva anajifunga mwilini. Dereva akianguka, kamba inachomoka, injini inazima. Waino alikuwa ameipatia kazi nyingine. Aliifunga kwenye mpini wa kikombe chake cha kahawa, kisiteleze mawimbi yakija. Jaketi la kuokolea alilikalia, maana kiti kile ni kigumu.

Akapita kijana kwenye pikipiki ya maji, karibu mno na kwa kasi. Waino akainuka, akageuka nyuma, akatikisa ngumi.

"Nenda kajifunze kuendesha kwanza!" akapiga kelele.

Wimbi la yule kijana likafika. Waino akaenda na maji.

Boti isiyo na mtu kwenye usukani, injini ikiwa inavuta, haiendi mbele. Inazunguka. Inamrudia aliyeanguka, na panga la injini liko chini. Kila mwaka nalieleza hilo darasani na kila mwaka kuna mtoto anayepiga miayo. Arlys hakupiga miayo ile siku. Alitambaa hadi kwenye usukani, akarudisha mkono wa mafuta, akazima. Akamtafuta. Maji ya Juni kwetu bado yana kumbukumbu ya barafu, na mwenye vyuma moyoni hakai humo muda mrefu. Akawasha tena, akazunguka kwa mbali, akamjia taratibu dhidi ya upepo kama nilivyomfundisha, akazima alipokuwa bado hatua kumi. Kisha akafanya lile ambalo hakufundishwa na mtu. Akalichukua lile jaketi, akalifunga kamba, akalirusha. Likamwangukia Waino kifuani.

Akamvuta hadi kwenye ngazi, akamsaidia kupanda. Mzee alilala sakafuni mwa boti dakika nzima, midomo ya bluu, akihema. Alipopata pumzi neno lake la kwanza lilikuwa, "Kahawa imemwagika?"

Haikumwagika. Kikombe kilikuwa kimefungwa vizuri.

Mnadhani alijifunza? Wiki ile ile alianza kuisimulia habari hii gatini kwangu, na kila aliposimulia ilizidi kunenepa. Mkewe, ambaye hajawahi kukanyaga darasa, alimwokoa kwa ujuzi alioupata kwa kumtazama yeye. Kwa hiyo darasa halina maana. Nilikuwa najaza mafuta, nikayamwaga hadi kwenye viatu.

Julai kikafika kikao cha chama cha wakazi wa ziwa, katika ukumbi wa kijiji. Ajenda ilikuwa moja: tuwaandikie wabunge barua, tuwaombe wafute msamaha wa wazee, kila mtu asome bila kujali umri? Ukumbi ulijaa. Dale alikuja kutoka Duluth na kijitabu chake, maana habari za kuanguka zilimfikia. Alikaa kando ya mamake karibu na meza ya donati.

Waino akasimama. Akakohoa. Akasema yote, maji, pikipiki, wimbi, mke.

"Sasa niambieni," akamalizia, "huyu bibi alisoma wapi? Nani alimpa kadi? Alijifunza kwa kukaa na mtu anayejua!"

Watu wakapiga makofi. Hata mimi ningepiga, kama nisingekuwa mimi.

Dale akainuka, uso mwekundu. "Baba, unajisifia nini? Mama alibahatisha! Bahati haiji mara mbili. Septemba mnahamia Duluth, nimeshaongea nao."

"Hakubahatisha. Anajua kuendesha!"

"Nani kamfundisha?"

"Mimi!"

"Lini, baba? Nimekulia kwenye boti ile. Sijawahi kumwona mama akishika usukani hata kwa kuufuta vumbi. Lini?"

Waino akaanza kuhesabu kwa vidole. Nilimwona akitafuta siku moja, moja tu, ndani ya miaka arobaini na tisa. Ukumbi mzima ulimsubiri aipate. Akamgeukia mkewe, na kwa mara ya kwanza nilimwona Waino Salmela akiogopa. Akisema hajamfundisha, kisiwa kimekwenda. Akisema kamfundisha, mwanawe ndiye shahidi wa uongo wake.

Arlys akafungua mkoba. Akatoa dawa, akatoa leso, akatoa kadi, akaiweka mezani katikati ya donati.

"Mwezi wa nne," alisema. "Jumamosi mbili."

Waino aliishika kadi kwa mbali, maana hakuja na miwani. "Jumamosi za kushona?"

"Ulinileta mwenyewe."

"Na kile kiraka?"

"Nilikinunua."

Kicheko kilichopasuka pale ndani kilitikisa madirisha. Arlys hakucheka. Alimtazama mumewe tu, na uso wake ulikuwa na majuto yote ya dunia.

"Alipata hamsini na nane kati ya sitini," nikasema kwa sauti, kwa kuchochea moto.

Waino alisubiri watu wanyamaze. "Mawili aliyokosa ni yapi?" akauliza. Kisha akamrudishia mkewe kadi, akaketi.

Dale alikikunja kile kijitabu mara nne, akakitia mfuko wa nyuma. Kisha akamkumbatia mamake, na nilimsikia akimwambia, "Basi tuone hadi mwaka ujao."

Kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono. Mwenyekiti akahesabu, akarudia. Barua ilishindwa kwa kura moja. Na mimi niliyekuwa nimekaa nyuma niliuona mkono wa kura hiyo, mkono uliosoma kwangu, uliookoa mtu kwa mafunzo yangu, umenyooka juu kuyapinga mafunzo yangu.

Nilimfuata hadi gatini nikiwa natoka moshi.

"Arlys! Kura moja! Wewe kati ya watu wote!"

"Punguza sauti, shoga."

"Umenisaliti!"

"Sikiliza. Barua ikipita, na wabunge wakikubali, Waino atalazimika kufanya mtihani. Maandishi yako yale madogo hayaoni, na hatakubali kuvaa miwani mbele ya watoto. Atafeli. Mzee aliyenyang'anywa boti huwa unampeleka wapi?" Alitazama upande wa gari la Dale. "Nimeishi miezi hii yote nikiogopa lifti ya Duluth. Siwezi kuihamishia hofu hiyo kwake."

Mwalimu akishindwa hoja hukasirika, kwa hiyo nilikasirika.

Waino akaja, mikono mfukoni. Boti ilikuwa inacheza kwenye kigingi. Alisimama kitambo akiuangalia usukani kama mtu anayeaga. Halafu akatoa ufunguo wenye boya dogo la chungwa, akampa mkewe bila kumwangalia.

"Jua linanipiga machoni," alisema. Kulikuwa na mawingu tangu asubuhi.

Arlys akaketi kwenye kiti kile kigumu. Akaifungua kamba nyekundu kwenye kikombe, akajifunga nayo mwilini. Waino akaenda mbele, akaikamata ile kamba nyingine.

Mzee yule hajui kurusha kamba. Majira yote yaliyobaki waliingia kwangu hivyo, mke akiileta boti taratibu kama anayeweka yai, na mume akirusha kamba majini, kwenye pampu, mara moja kwenye shingo yangu. Arlys hakumpigia kelele hata siku moja. Alizima injini, akasema, "Jaribu tena, mpenzi," na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna adhabu zinazozidi kelele.

Darasa la mwisho la mwaka lilikuwa Jumamosi ya pili ya Septemba. Arlys alimleta mumewe. Alimwambia kwamba yeye ana kazi na washona viraka, safari hii kweli, na kwamba gatini kuna baridi, afadhali asubirie ndani ambako kuna kahawa. Waino aliingia chumba cha chini, akachagua kiti cha nyuma kabisa, akakunja mikono, akanitazama kama mtu aliyekosea mlango na hana haraka ya kurekebisha. Nami nilimtazama kama sikumwona. Nilikuwa nimechapisha karatasi zangu upya, kwa herufi kubwa. Watoto waliuliza kwa nini, nikawaambia wino ulikuwa wa bure.

Tulipofika sura ya nne niliuliza, "Kamba ya kuzimia injini inafungwa wapi?"

Watoto wakainamia simu zao. Hakuna aliyejibu. Nyuma kabisa mkono ukainuka polepole, ukasita, ukanyooka.

"Ndiyo, Waino."

"Kwa mtu," akasema. "Siyo kwa kikombe."